Kibali cha Kukanyaga Nyasi

Nawaandikia ninyi mnaokaa nchi nyingine, ambako kwa ninavyosikia hakuna Wizara ya Nyasi. Sisi tunayo, ina waziri, manaibu watatu na kwaya. Nchi yetu inaitwa Tambarare. Mimi ni Mama Tunu, nimeishia darasa la saba, kwa hiyo mkifika mahali mkaona jambo la serikali halieleweki, msiilaumu serikali, laumuni shule yangu. Naomba kitu kimoja tu. Mwenye mtoto mdogo asome mpaka mwisho.

Mambo yalianza vizuri, kama mambo yote ya kwetu. Mheshimiwa Rais alikwenda ziara ya siku tisa katika nchi moja ya baridi. Mwenyeji wake akamkaribisha nyumbani, na mbele ya nyumba palikuwa na nyasi. Redio ilitueleza kwamba Mheshimiwa alisimama akazitazama dakika arobaini bila kusema neno, na msafara wake wa watu sitini na mmoja nao ukasimama nyuma yake ukizitazama, na mawaziri wawili wakatokwa machozi, mmoja kwa sababu ya nyasi na mwingine kwa sababu mwenzake ameanza. Siku ya kuondoka akapewa zawadi. Kilikuwa kijitabu cha kurasa kumi na mbili, kinachoeleza namna ya kuandaa nyasi za nyumbani wakati wa machipuo, yaani yale majira yao ambayo baridi inaisha na mimea inaamka.

Kijitabu kilipokelewa uwanja wa ndege kwa gwaride. Kesho yake Bunge likakifanya sheria, kama kilivyo, bila kugusa hata nukta, kwa sababu Spika alisema kurekebisha zawadi ni kumtukana aliyekupa. Mbunge mmoja akauliza, kwa adabu kabisa, kama Tambarare tuna hayo majira ya machipuo, maana yeye anajua masika na vuli na kiangazi na kipupwe. Alijibiwa kwamba swali lake ni zuri. Tangu siku hiyo hajaonekana tena bungeni, nadhani anapumzika. Ijumaa likatoka tangazo kwamba machipuo yataanza Jumatatu saa mbili asubuhi, na watumishi wote wa umma wawe wamewahi.

*

Mtaa wetu unaitwa Kwa Mabanzi. Ni nyumba kumi, tano zinatazamana na tano, na katikati kuna uwanja. Nyuma ya nyumba zetu kote ni kuta za maghala, hata paka hapiti. Kwa hiyo mtu akitaka kwenda popote, sokoni, shuleni, zahanati, lazima avuke uwanja ndipo aikute barabara. Kutoka mlangoni kwangu ni hatua kumi na nne. Uwanja huo ndio ulikuwa jiko letu na pa kuanikia nguo, na ndipo Tunu wangu, miaka minne, na rafiki yake Siwema wa mlango wa pili walipokuwa wakipika ugali wa mchanga kwenye vifuniko vya soda. Mimi nilikuwa na matuta mawili ya mchicha. Baba Tunu ni dereva wa lori, na wakati huo alikuwa wiki ya tatu mpakani kwenye foleni.

Siwema ni binti wa Bwana Chande, mjumbe wetu wa nyumba kumi. Niseme ukweli, Bwana Chande ni mtu mwema. Alikuwa karani wa mahakama miaka ishirini na sita. Karatasi yenye mhuri akipewa anaipokea kwa mikono miwili, na akiisoma anasimama.

Jumatatu hiyo akaja Afisa Nyasi wa Kata, Bwana Magubika. Amevaa kofia ya kijani, rula imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu, kijitabu kakitia kwenye mfuko wa nailoni kisichafuke. Akatukusanya, akasoma. Hatua ya kwanza, hakikisha theluji yote imeyeyuka.

Akatuuliza theluji yetu iko wapi.

Tukatazamana. Bwana Chande akajibu kwa unyenyekevu kwamba hatujawahi kuwa nayo.

"Kwa hiyo haijayeyuka," akasema Bwana Magubika.

"Haipo, mheshimiwa."

"Mzee wangu, sijauliza kama ipo. Hapa kuna visanduku viwili, imeyeyuka na haijayeyuka. Nikiviacha wazi fomu inarudishwa wilayani, na mimi narudishwa nayo."

Tukamhurumia, naye ni mtu ana familia. Mama Siwema ndiye aliyetoa wazo. Tukaenda kwa muuza samaki, tukaleta mabonge mawili ya barafu, tukayaweka katikati ya uwanja, na Bwana Magubika akavuta kiti akayasimamia kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana. Barafu ya samaki mnaijua. Ina magamba, ina damu, ina ule utelezi. Ilipokwisha iliacha dimbwi jekundu lililojaa nzi, na watoto ilibidi tuwazuie kwa fimbo wasiende kulamba. Akaweka tiki. Akatutangazia kwamba Kwa Mabanzi imekuwa ya kwanza katika kata nzima kumaliza theluji, akapiga makofi, na sisi tukapiga.

Hatua ya pili ilikuwa kung'oa magugu. Akasimama kwenye mchicha wangu, akaniuliza kama unaliwa. Nikamwambia unaliwa, na ndiyo mboga ya Tunu.

"Basi si nyasi," akasema, na akaingia na jembe mwenyewe.

Tukapanda ukoka kwa mistari, kila mche umepimwa kwa rula. Mche wa Mama Siwema mmoja ulizidi nusu sentimita, akauomba msamaha. Aliambiwa auombe msamaha, ndivyo ilivyo katika kijitabu cha maelekezo ya nyongeza.

*

Hatua ya tatu ilikuwa mbolea. Kijitabu kilisema tuweke kwa wingi. Mbolea ya dukani iliyoagizwa na serikali ilikuwa imeshafika nchini, lakini iliishia kwenye nyasi za wakubwa, ambako nyasi zina majukumu makubwa zaidi. Wizara ikakaa vikao kumi na viwili, na katika hoteli ya ufukweni ikapata jibu. Nchi yetu haikosi samadi. Samadi inalala bure chini ya vyoo vya soko kuu.

Likaja gari la majitaka. Walichora ua ubavuni na kuandika Samadi ya Taifa. Vijana wawili wakavuta mpira mnene kama paja, Bwana Magubika akapuliza filimbi, na ule mpira ukaanza kutapika.

Samahani kama unasoma huku unakula. Mimi nimezaa, nimeuguza, nimeosha maiti wa shangazi yangu, sina pua ya kifahari. Lakini kile kilichotoka mle sitakisahau. Kilikuwa cheusi, kilikuwa na povu, kilikuwa na vitambaa na maganda na minyoo mieupe inayojinyonga. Kilitambaa mpaka kwenye vizingiti. Nzi wa kijani walifika kabla gari halijaondoka, utafikiri nao walitumiwa barua. Mimi nilifunga mlango, nikaziba chini kwa kanga, nikakaa na Tunu kitandani tukipumulia mto.

Bwana Magubika alihutubia akiwa barabarani, upande upepo unakotoka. Akasema tunachonusa si uvundo. Akasema uvundo ni fikra za kikoloni, na hii ni harufu ya wananchi wenyewe, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Tambarare mchango wa kila mwananchi, mkubwa kwa mdogo, umetumika kujenga taifa. Kisha akatapika pembeni ya nguzo ya umeme, akajifuta, akampa Bwana Chande karatasi. Bwana Chande akasimama akaisoma na kutia saini. Iliandikwa, imepokelewa ikiwa katika hali nzuri.

Hatua ya nne ndiyo iliyotumaliza. Usikanyage nyasi changa kwa siku ishirini na moja.

Wakaja na kamba nyekundu, wakafunga kila mlango. Mama mmoja akauliza sasa tutatokaje. Bwana Magubika akapekua kijitabu mbele mpaka nyuma, akasema hakuna mahali palipokatazwa kutoka. Palipokatazwa ni kukanyaga.

*

Mtu huzoea. Siku ya pili tu tulikuwa na utaratibu. Muuza maji alifunga kamba ndefu kwenye nguzo ya umeme barabarani, akaturushia ncha milangoni, na yeye na muuza mkate wakawa wanatundika vitu huko, sisi tunavuta. Mkate ulikuja vizuri. Lakini ndoo ya maji ni nzito. Ikifika katikati kamba inalegea, ndoo inashuka, inaburuzika kwenye Samadi ya Taifa na kunywa kidogo ndipo inapanda tena. Ukiyachota unaona kitu kinaelea juu, unakitoa kwa kijiko.

Mimi nilikuwa nachemsha. Nilichemsha siku saba, nikachuja kwa kitambaa, nikachemsha tena, Mama Siwema akawa ananicheka mlangoni kwake kwamba nawapikia nzi supu. Siku ya nane mkaa ukaisha. Gunia la mkaa halipiti kwenye kamba, lilijaribiwa likaanguka, likachukuliwa kama kielelezo. Nikampa Tunu maji hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipokosea mimi, si serikali, nalisema mwenyewe.

Siku ya tisa asubuhi Tunu akaanza kutapika. Kabla sijamaliza kufuta, akaanza kuharisha, maji matupu, meupe kama maji ya kuoshea mchele. Nikasikia kwa mlango wa pili Mama Siwema naye anamwita Mungu, nikajua na kwake yapo.

Nikamwita Bwana Magubika, aliyekuwa kwenye kiti chake barabarani chini ya mwavuli. Nikamwambia mwanangu anaumwa, nampeleka zahanati. Hakuwa mkali hata kidogo. Akanieleza kwamba serikali imeliona tatizo hilo mapema na kuandaa Kibali cha Kukanyaga, na fomu akanitumia kwa kamba, imebanwa na kibanio cha nguo. Ilikuwa inataka uzito wa mkanyagaji, saizi ya kiatu, idadi ya hatua, na sababu isiyozidi maneno matatu. Halafu mihuri minane, ya mwisho ya wizarani.

Nikajaza. Kwenye sababu nikaandika, mtoto wangu anaumwa.

"Hilo ni sawa, ni maneno matatu," akasema. "Lakini uzito umejumlisha wako na wa mtoto?"

"Nimejumlisha."

"Ungeomba viwili. Mmoja mkanyagaji, mwingine mkanyagishwaji. Wewe jaza upya, dada, usiwe na haraka, wenzako wote wanasubiri."

Mlangoni kwake Bwana Chande alikuwa ameshapeleka fomu tangu asubuhi, nakala tatu, mwandiko wa karani, hakuna kosa. Akaniambia nitulie. Akaniambia amehakikishiwa kwamba kibali chake kitatoka kesho saa nne, na cha kwangu atakifuatilia yeye mwenyewe kama mjumbe. Msidhani hakumpenda mwanawe. Alikuwa anaishika ile stakabadhi ya maombi kama mtu anayeshika ukingo wa kisima.

Nikarudi ndani. Macho ya Tunu yalikuwa yameingia. Nikamfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama pale nilipoifinya, haikurudi. Nikamwita, akanitazama kama ananitazama kutoka mbali.

Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi, kila mtu yuko mlangoni. Nikamfunga Tunu kifuani kwa kanga, nikapita chini ya kamba nyekundu na kukanyaga. Mguu ulizama mpaka kwenye kifundo. Nilihisi vitu laini vikipenya kati ya vidole, na kimoja kilikuwa kinatembea. Nyuma yangu nikamsikia Bwana Chande.

"Mama Tunu, rudi. Utatuharibia mtaa."

Sikurudi, lakini nilisimama, nikageuka kwa mkewe. Alikuwa kizingitini, Siwema amelala mapajani kwake, mikono inaning'inia.

"Mlete," nikamwambia. "Mmoja kifuani, mmoja mgongoni. Nitawabeba wote."

Mama Siwema akasimama. Nakumbuka alisimama. Akamtazama mumewe, na mumewe akamwambia, polepole, kama anayebembeleza, "Ni kesho saa nne tu, mke wangu. Wameniandikia." Akakaa.

Nikaenda hatua zilizobaki. Bwana Magubika hakunigusa, maana nilikuwa nanuka, alinifuata kwa mbali tu akipima nyayo zangu kwa rula.

*

Zahanati ilikuwa na vitanda sita na watoto kumi na saba. Walikuwa wa mitaa yote, wa nyasi zote. Muuguzi alimtundikia Tunu dripu kwenye msumari wa kalenda, kwa sababu vyuma vya dripu vilichukuliwa kushikilia mabango ya Wiki ya Machipuo. Nikamwona anaandika kwenye daftari la wagonjwa, homa ya majira. Nikamuuliza kama hiki si kipindupindu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kipindupindu kimefutwa Tambarare mwaka juzi kwa tamko, kwa hiyo mtoto akiwa nacho inabidi awe na kingine. Halafu akaniletea beseni, akanawisha miguu yangu yeye mwenyewe, wala hakuuliza nimepita wapi.

Jioni Tunu akaomba maji. Yakatulia tumboni. Muuguzi akasema huyu amerudi, ungechelewa masaa mawili tungeongea mengine.

Ninyi mnaosoma, hapo mtoto ana masaa mawili, na kibali kilikuwa kinahitaji ishirini na mbili. Sihitaji kuwa nimesoma sekondari kujua hesabu hiyo. Kama kwenu wameanza kupita na kijitabu, wala msibishane nao, mtachelewa. Mbebeni mtoto.

*

Asubuhi nikamwomba muuguzi amwangalie Tunu, nikakimbia nyumbani kuchukua nguo. Niliposhika kona nikaona watu wengi wamesimama barabarani, nikajua.

Siwema alikuwa amefariki watu wakiwa wanakunywa chai. Kibali kilifika saa nne kamili kama walivyoahidi, kimepigwa chapa, mihuri yote minane, nembo ya ukoka juu kabisa. Kilimruhusu mtu mmoja kuvuka mara moja akiwa na mzigo usiozidi kilo ishirini. Bwana Chande alikipokea kwa mikono miwili. Akasimama, akakisoma.

Jeneza la watoto kutoka msikitini lilikuwa limefika, lakini limesimama barabarani, kwa sababu sisi kwetu jeneza hubebwa na watu wengi. Kila mwanaume wa mtaa huingiza bega lake, hata hatua mbili, kisha anampokeza mwenzake, asiyeingiza bega ni kama hakumjua marehemu. Na kibali kilikuwa cha mtu mmoja. Bwana Magubika alikuwa ameshalifikiria. Alinyoosha shingo akamwambia Bwana Chande, kwa upole kabisa, kwamba mtoto wa umri ule kilo ishirini hafiki, anaweza kubebwa mikononi na baba yake peke yake, na kwa hiyo kibali kinatosha. Alikuwa anafurahi kweli. Alisema ingesikitisha kama mihuri minane ingepotea bure.

Bwana Chande akatoka na mwanawe mikononi, amevishwa sanda. Karatasi kaishika kwa vidole viwili chini ya mgongo wa mtoto. Akapita chini ya kamba, akaweka mguu, ukazama, akaweka mwingine. Wanaume wa Kwa Mabanzi walikuwa kila mmoja mlangoni kwake, kofia vichwani, wamesimama nyuma ya kamba nyekundu.

Alipofika katikati akasimama.

"Endelea, mzee," akasema Bwana Magubika. "Kibali ni cha kuvuka, si cha kusimama."

Bwana Chande akageuza kichwa. Akawatazama majirani zake, nyumba moja moja, kama alivyokuwa akiita majina mahakamani. Sauti ilipotoka ilikuwa ndogo mno.

"Njooni mnipokee. Peke yangu siwezi."

Wa kwanza kukata kamba alikuwa Mzee Mbwambo wa nyumba ya tatu, ambaye magoti yake ni mabovu na hutembea kwa gongo. Kisha wakaja wote. Wengine wakalivuta jeneza kutoka barabarani likaingia kwenye ukoka, Siwema akalazwa humo, na wakaanza kupokezana, bega kwa bega, wakizama na kuchomoka katika kile kitu cheusi, na ile karatasi ikawa iko chini yao, sikuona ilidondoka saa ngapi. Hatua zilikuwa chache na wanaume wengi, kwa hiyo wakafika barabarani, wakageuka, wakarudi tena mpaka mlangoni kwa Mama Siwema, ili kila mtu apate. Haukubaki hata mche mmoja uliosimama katika ile mistari ya ukoka. Harufu ilitupanda sote, hakuna aliyeziba pua.

Bwana Magubika alikuwa kando yangu anahesabu kwa kalamu. Alijitahidi, lakini walikuwa wanapishana, akapoteza, akaanza tena, akapoteza. Msafara ulipokwisha kupita kuelekea makaburini akanigeukia. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya kofia.

"Dada, wewe ulikuwa unaangalia. Jumla miguu mingapi imekanyaga? Nisaidie, naandika ripoti."

"Sijui," nikamwambia. "Ila imepungua miwili. Ilikuwa inacheza hapo juzijuzi, kabla ya kamba."

Akaishusha kalamu kwenye karatasi, akatafuta kisanduku cha kuandika hilo, akatafuta na ukurasa wa nyuma.